Francis Galton

Sir Francis Galton (Birmingham, Uingereza, 16 Februari 1822 – Haslemere, Uingereza, 17 Januari 1911) alikuwa mtaalamu wa takwimu, msafiri, mwanajiografia na mtafiti wa urithi wa sifa za viumbe. Anajulikana hasa kwa kueneza matumizi ya mediani, yaani thamani iliyo katikati ya orodha iliyopangwa kwa ukubwa, na kwa kuanzisha mbinu za regresheni na korelesheni ambazo hutumika hadi leo katika sayansi zinazotegemea namba.

Anajulikana pia kwa jambo baya. Ndiye aliyebuni neno eujeniki, yaani fikra ya kuboresha jamii ya binadamu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Fikra hiyo ilisababisha mateso makubwa katika nchi mbalimbali katika karne ya 20. Kwa sababu hiyo maisha ya Galton husomwa kwa pande mbili: jinsi alivyowafundisha watu kupima, na jinsi alivyotumia vipimo kuwapanga watu katika madaraja ya thamani.

Familia na utoto

Galton alizaliwa Sparkbrook, karibu na Birmingham, akiwa mtoto wa mwisho katika familia tajiri. Baba yake, Samuel Tertius Galton, alikuwa mwenye benki. Mama yake, Violetta, alikuwa binti wa daktari na mshairi Erasmus Darwin. Erasmus alikuwa pia babu yake Charles Darwin, mwanasayansi wa mageuzi ya spishi, ila kwa mke mwingine. Hivyo Galton na Charles Darwin walikuwa mabinamu.

Utajiri wa ukoo wa Galton ulitokana kwa sehemu kubwa na kiwanda cha bunduki cha Birmingham. Bunduki nyingi ziliuzwa kwa wafanyabiashara waliozipeleka Afrika, ambako zilibadilishwa kwa watumwa. Ukoo huo ulikuwa wa dhehebu la Marafiki (Wakwekeri), linalopinga vita, na babu yake Galton alitengwa na dhehebu kwa sababu ya biashara hiyo.

Francis alifundishwa kusoma nyumbani na dada yake Adele. Alijua kusoma akiwa bado mtoto mdogo sana, na familia ilimtarajia awe mtu wa pekee. Matarajio hayo yalimfuata maisha yake yote.

Masomo

Mwaka 1836 aliingia shule ya King Edward's, Birmingham, ambako hakufurahia masomo ya Kilatini na Kigiriki yaliyofundishwa kwa kukariri na kwa fimbo. Wazazi wake walitaka awe daktari. Mwaka 1838 alianza kujifunza kazi katika hospitali ya Birmingham, na mwaka uliofuata akaendelea katika King's College, London.

Mwaka 1840 alikwenda Trinity College, Cambridge, kusoma hisabati. Huko wanafunzi walipangwa kwa alama kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na nafasi ya mtu katika orodha ilizungumzwa nchi nzima. Galton alitamani kuwa katika nafasi za juu, lakini afya yake ilivunjika kwa sababu ya kusoma kupita kiasi. Alimaliza mwaka 1844 na shahada ya kawaida, bila heshima aliyoitafuta. Hata hivyo, wazo la kuwapanga watu katika mstari kufuatana na uwezo wao halikumtoka tena.

Mwaka huohuo baba yake alifariki na kumwachia urithi wa kutosha. Galton aliacha masomo ya udaktari. Kuanzia hapo hakuhitaji kufanya kazi ya mshahara, akafuata mambo yaliyompendeza.

Safari za Afrika

Kati ya miaka 1845 na 1846 Galton alisafiri Misri, akapanda mto Nile hadi Khartoum nchini Sudan, kisha akapita Syria. Mwaka 1850 alianza safari kubwa zaidi pamoja na Msweden Charles John Andersson. Walishuka Walvis Bay, katika nchi ambayo leo ni Namibia, wakitaka kufika Ziwa Ngami ambalo David Livingstone alikuwa amelifikia mwaka 1849. Ziwa hilo hawakulifikia. Galton alipita katika nchi ya Waherero, akafika kaskazini kwa Waovambo, ambako mfalme Nangoro wa Ondonga hakumruhusu kuendelea mbele.

Katika safari hiyo alipima latitudo, longitudo na miinuko kwa uangalifu mkubwa. Alipima pia watu. Katika kituo kimoja cha wamisionari alitaka kujua vipimo vya mwili wa mwanamke Mkhoikhoi. Hakuweza kumwomba kwa lugha yake, basi alisimama mbali na kumpima kwa sekstanti, chombo cha mabaharia cha kupimia pembe, kisha akakokotoa vipimo kwa trigonometria. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama mfano wa ustadi wake wa hesabu, lakini linaonyesha vilevile kwamba aliona si lazima mtu anayepimwa akubali.

Alirudi Uingereza mwaka 1852. Mwaka 1853 alipewa nishani ya dhahabu ya Shirika la Kifalme la Jiografia, akachapisha kitabu kuhusu safari yake, na akamwoa Louisa Butler. Hawakupata watoto. Mwaka 1855 alitoa kitabu cha maelekezo kwa wasafiri, The Art of Travel, kilichochapishwa tena mara nyingi.

Kwa miaka mingi Galton alikuwa katika baraza la Shirika hilo. Ndilo lililowatuma Richard Burton na John Speke kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi Ziwa Tanganyika na Speke hadi kusini mwa Ziwa Nyanza mwaka 1858, na ndilo lililomtuma Speke tena pamoja na James Grant mwaka 1860. Hivyo Galton, ambaye hakufika Afrika Mashariki mwenyewe, alikuwa mmoja wa watu wa London waliosimamia uchunguzi wake.

Hali ya hewa

Kabla ya kugeukia vipimo vya binadamu, Galton alichunguza hali ya hewa. Alikusanya taarifa za upepo, joto na kanieneo ya hewa kutoka vituo vingi vya Ulaya vilivyopimwa saa zilezile, akazichora kwenye ramani. Kwa njia hiyo alitambua kwamba kuna maeneo ya kanieneo kubwa ambamo hewa huzunguka kinyume na ilivyo katika tufani, akayapa jina la antisaikloni katika kitabu chake cha mwaka 1863. Ramani ya hali ya hewa aliyoiandaa ilichapishwa katika gazeti la The Times tarehe 1 Aprili 1875, na kuwa mwanzo wa ramani za namna hiyo katika magazeti.

Urithi wa vipaji

Mwaka 1859 binamu yake Charles Darwin alichapisha kitabu juu ya asili ya spishi. Galton alivutwa na swali moja: je, akili na vipaji hurithiwa kama rangi ya macho? Mwaka 1869 alitoa kitabu Hereditary Genius. Ndani yake alihesabu ndugu na watoto wa majaji, viongozi wa serikali, washairi na wanasayansi, akaona kwamba watu mashuhuri walikuwa na ndugu mashuhuri kuliko ilivyotarajiwa. Akahitimisha kwamba vipaji hurithiwa.

Wakosoaji walieleza kwamba mtoto wa jaji hurithi pia nyumba, shule, jina na marafiki wa baba yake. Galton alilikubali swali hilo kuwa la haki, na ndiye aliyezoesha watu kusema juu ya asili na malezi kama sababu mbili za kulinganishwa. Aliwachunguza mapacha ili kuzitenganisha sababu hizo. Hata hivyo, aliendelea kuipa asili uzito mkubwa kuliko ushahidi wake ulivyoruhusu.

Katika kitabu hichohicho aliweka sura iliyolinganisha jamii za watu. Aliwaweka Waafrika chini ya Waingereza kwa madaraja mawili ya uwezo. Hakuwa na mtihani wowote wala kipimo chochote kilichofanyika kwa Waafrika. Alitegemea hadithi za wasafiri na maoni yake mwenyewe, kisha akayapa sura ya namba.

Mediani

Kabla ya Galton, mtakwimu Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alikuwa amewafundisha watu wa Ulaya kutafuta wastani wa urefu, uzito au umri wa kuoa. Quetelet aliuona wastani kama mfano bora wa binadamu, na tofauti za watu kama makosa madogo ya asili. Galton aligeuza mtazamo huo. Kwake tofauti ndizo zilizokuwa za kuchunguzwa, na wastani peke yake ulikuwa kama kutazama nchi yenye milima kana kwamba yote ni tambarare.

Katika makala ya mwaka 1875 alipendekeza njia rahisi. Watu wapangwe katika mstari kutoka mfupi hadi mrefu. Yule anayesimama katikati kabisa anawakilisha kundi, na ni yeye tu anayehitaji kupimwa. Wanaosimama katika robo ya kwanza na robo ya tatu ya mstari wanaonyesha jinsi kundi lilivyotawanyika. Faida ya njia hii ni kwamba inatumika hata kwa sifa zisizo na kipimo, mradi tu mtu aweze kuamua nani amezidi na nani amepungukiwa.

Wazo la thamani ya katikati lilikuwa limetajwa kabla yake. Mfaransa Antoine Augustin Cournot alikwisha kuipa jina lake mwaka 1843, na Mjerumani Gustav Fechner aliichunguza pia. Galton alianza kutumia neno mediani kwa Kiingereza mwaka 1881, na maandishi yake ndiyo yaliyoieneza. Ndiye pia aliyeleta neno pasentaili, yaani kugawa mstari huo katika sehemu mia.

Ubao wa misumari na regresheni

Galton alipenda kufundisha kwa vitu vinavyoonekana. Karibu mwaka 1873 alitengenezewa ubao wenye safu za misumari iliyopigwa kwa kupishana, na chini yake vyumba vyembamba. Gololi ndogo za risasi zikimiminwa juu, kila moja hugonga misumari na kuangukia kulia au kushoto kwa bahati. Mwishowe nyingi hujaa katika vyumba vya katikati na chache hufika pembeni, zikifanya umbo la kengele. Ubao huo huitwa ubao wa Galton, na bado hutumika mashuleni na katika majumba ya makumbusho ya sayansi.

Mwaka 1875 aliwagawia marafiki zake mbegu za njegere-maua zilizopangwa kwa ukubwa, wazipande na kumrudishia mavuno. Aliona kwamba mbegu kubwa zilizaa mbegu kubwa, lakini si kubwa kama wazazi wao. Mbegu ndogo nazo zilizaa mbegu zilizokaribia zaidi wastani.

Baadaye alikusanya urefu wa watoto 928 waliokwisha kukua kutoka familia 205. Kwa kuwa wanawake kwa kawaida ni wafupi kuliko wanaume, alizidisha urefu wa kila mwanamke kwa 1.08 kabla ya kulinganisha. Matokeo aliyochapisha mwaka 1886 yalikuwa sawa na ya njegere. Wazazi waliozidi wastani kwa inchi 3 walikuwa na watoto waliozidi wastani kwa inchi 2 hivi, yaani theluthi mbili. Hali hii ya kurudi kuelekea wastani ndiyo iliyoipa regresheni jina lake. Mwaka 1888 aliongeza korelesheni, kipimo cha nguvu ya uhusiano kati ya vitu viwili.

Galton mwanzoni alidhani kurudi kuelekea wastani ni kanuni ya urithi. Leo inaeleweka kuwa ni jambo la takwimu linalotokea popote ambapo vipimo viwili havihusiani kikamilifu. Kwa mfano, wanafunzi waliopata alama za juu kabisa katika jaribio moja, kwa jumla watakuwa karibu zaidi na wastani katika jaribio linalofuata, kwa sababu sehemu ya ushindi wao wa kwanza ilikuwa bahati. Mwalimu asiyelijua hilo anaweza kudhani kwamba wamezembea.

Maabara ya vipimo vya mwili

Mwaka 1884 Galton alifungua maabara katika Maonyesho ya Kimataifa ya Afya huko South Kensington, London. Wageni walilipa peni tatu wakapimwa urefu, uzito, upana wa mikono iliyonyooshwa, nguvu ya kuvuta na kubana, nguvu ya pumzi, uwezo wa kuona na kusikia, na mengineyo. Kila mmoja aliondoka na kadi ya vipimo vyake, na nakala ilibaki kwa Galton. Kabla ya maonyesho kufungwa, watu 9,337 walikuwa wamepimwa. Takwimu hizo alizipanga kwa pasentaili, ili mtu aweze kuona anasimama wapi kati ya wenzake.

Maksai wa Plymouth

Mfano wa Galton unaojulikana zaidi katika ufundishaji wa takwimu unatoka katika uzee wake. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth, kulikuwa na shindano la kukisia uzito wa maksai mnene, si akiwa hai bali baada ya kuchinjwa na kutengenezwa kuwa nyama. Kila mshindani alinunua tiketi kwa peni sita, akaandika makisio yake na kuirudisha. Kati yao walikuwemo wachinjaji na wafugaji wazoefu, na wengine waliokuja kujaribu bahati tu.

Shindano lilipokwisha Galton aliazima tiketi hizo, zipatazo 800. Aliondoa 13 zisizosomeka au zenye kasoro, zikabaki 787. Alizipanga kutoka makisio madogo hadi makubwa. Mediani ilikuwa ratili 1,207 (kilo 547 hivi). Uzito halisi uliotangazwa ulikuwa ratili 1,198 (kilo 543 hivi). Kundi zima lilikosea kwa ratili 9 tu, yaani chini ya sehemu moja katika mia.

Galton alichapisha matokeo hayo katika jarida la Nature mwezi Machi 1907. Mtu mwenye imani ndogo na watu wa kawaida kama yeye alilazimika kukubali kwamba hukumu ya umati ilistahili kuaminiwa kuliko alivyodhani. Msomaji mmoja aliuliza juu ya wastani wa kawaida. Galton akajibu kwamba ulikuwa ratili 1,197, karibu zaidi na ukweli kuliko mediani yenyewe.

Wiki moja kabla ya makala hiyo alikuwa ameeleza kwa nini alipendelea mediani. Baraza la wazee wa mahakama linapoamua kiasi cha fidia, au kamati inapopanga fedha za kazi fulani, kila mjumbe hutaja kiasi chake. Wakitumia wastani, mjumbe mmoja mwenye wazo la ajabu anaweza kuwavuta wote kwa kutaja kiasi kikubwa kupita kiasi. Wakitumia mediani, kila mjumbe ana kura moja yenye uzito uleule, kwa kuwa nusu yao wanaona kiasi hicho ni kikubwa mno na nusu wanaona ni kidogo mno.

Wastani, mediani na modi darasani

Pamoja na wastani na mediani, wanafunzi hufundishwa modi, yaani thamani inayojitokeza mara nyingi zaidi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1895 na Karl Pearson, rafiki na mfuasi wa Galton. Vipimo hivi vitatu huitwa vipimo vya mwelekeo wa kati.

Shindano la Plymouth linaweza kurudiwa darasani kwa chupa iliyojazwa maharage. Kila mwanafunzi huandika makisio yake bila kumwonyesha mwenzake. Sharti hilo ni muhimu, kwa sababu makisio ya Plymouth yaliandikwa kwa siri, na watu wanaosikiana huanza kufuatana katika kosa moja.

Tuseme wanafunzi 9 wamekisia hivi: 180, 200, 220, 220, 240, 250, 260, 300 na 1,280. Jumla ni 3,150, na ikigawanywa kwa 9 wastani ni 350. Mediani ni namba ya tano katika mstari, yaani 240. Modi ni 220, kwa kuwa imetokea mara mbili. Wastani huo wa 350 ni mkubwa kuliko makisio ya wanafunzi 8 kati ya 9, kwa hiyo haufanani na mawazo ya darasa.

Sasa tuseme yule wa mwisho aliteleza kalamu, na alitaka kuandika 280. Jumla inakuwa 2,150 na wastani unashuka hadi 239 hivi. Mediani inabaki 240 na modi inabaki 220. Tarakimu moja ya ziada imeuvuta wastani kwa zaidi ya 100, lakini haikuigusa mediani hata kidogo.

Hii haina maana kwamba wastani haufai. Wastani hutumia kila namba, na ndio unaohitajika pale jumla inapotafutwa, kama kiasi cha unga wa kulisha shule kwa muhula. Mediani hufaa pale ambapo wachache wamezidi sana, kama katika mishahara au bei za nyumba. Modi hufaa kwa fundi viatu anayetaka kujua saizi inayouzwa zaidi, na ndiyo pekee inayotumika kwa vitu visivyo namba, kama rangi. Orodha inaweza kuwa na modi mbili, au isiwe nayo kabisa. Namba zikiwa shufwa kwa idadi, mediani hupatikana kwa kujumlisha mbili za katikati na kugawa kwa 2.

Alama za vidole

Galton alichunguza alama za vidole na kutoa kitabu juu yake mwaka 1892. William Herschel nchini India na Henry Faulds nchini Japani walikuwa wametangulia kuzitumia au kuzipendekeza. Mchango wa Galton ulikuwa kuonyesha kwamba alama hizo hazibadiliki mtu anapozeeka, kukadiria kwa hesabu jinsi ilivyo vigumu watu wawili kufanana, na kuzipanga katika makundi matatu: matao, vitanzi na mizunguko. Polisi wa London walianza kuzitumia rasmi mwaka 1901.

Mbinu hiyo ilifika pia Afrika Mashariki. Katika Kenya ya kikoloni, tangu miaka ya 1919 na 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kuwa na kipande, hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, iliyobebwa katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilichukiwa sana, na kukipinga kulikuwa sehemu ya siasa za mwanzo za Waafrika nchini humo.

Eujeniki na Afrika Mashariki

Galton alibuni neno eujeniki mwaka 1883. Alitaka watu aliowaona bora wahimizwe kuoana mapema na kuzaa wengi, na wale aliowaona dhaifu wazuiwe. Alitumaini kwamba siku moja fikra hiyo ingefuatwa kama dini.

Maoni yake juu ya Waafrika yaligusa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwezi Juni 1873, mwezi uleule ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, Galton aliandika barua katika gazeti la The Times. Alipendekeza Uingereza iwasaidie Wachina kuhamia pwani hiyo, akitumaini kwamba wangeongezeka na hatimaye kuchukua nafasi ya wenyeji. Serikali haikuufuata ushauri huo.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1933, walowezi na madaktari kadhaa walianzisha jijini Nairobi chama cha kuchunguza kuboreshwa kwa jamii za watu. Baadhi yao walilinganisha wastani wa uzito wa ubongo wa Waafrika na wa Wazungu, wakadai wamethibitisha upungufu wa akili. Hoja hiyo ilikuwa na makosa ambayo mwanafunzi wa takwimu anaweza kuyaona. Wastani hauonyeshi jinsi watu walivyotawanyika ndani ya kundi, wala hauelezi sababu ya tofauti, iwe ni chakula, ugonjwa au ukubwa wa mwili. Tena ukubwa wa ubongo wa mtu si kipimo cha akili yake.

Kwingineko eujeniki ilipata nguvu ya sheria. Jimbo la Indiana nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuhasi watu kwa lazima mwaka 1907, Galton akiwa bado hai, na majimbo mengine yakafuata. Nchini Ujerumani, sheria ya mwaka 1933 ya utawala wa Wanazi ilisababisha watu wapatao 400,000 kuhasiwa, na ikatangulia mauaji ya wagonjwa na walemavu.

Miaka ya mwisho na kifo

Mke wake Louisa alifariki mwaka 1897. Mwaka 1901 Galton alishirikiana na Karl Pearson na Raphael Weldon kuanzisha jarida la Biometrika, ambalo bado linatolewa. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1909 na nishani ya Copley ya Royal Society mwaka 1910. Alifariki tarehe 17 Januari 1911, akazikwa Claverdon, karibu na nyumba ya zamani ya familia yake.

Katika wosia wake aliacha pauni 45,000 kwa Chuo Kikuu cha London kwa ajili ya kiti cha profesa wa eujeniki, na Pearson akawa wa kwanza kukikalia katika University College. Mwaka 2020 chuo hicho kiliondoa jina la Galton kwenye ukumbi wake wa mihadhara.

Mbinu zake zimebaki. Madaktari, wachumi, wakulima na walimu hutumia mediani, pasentaili, regresheni na korelesheni kila siku, na mara nyingi ndizo zilizotumika kubomoa madai yake mwenyewe juu ya urithi na jamii za watu.